Mama Ruth na Shimo la Kihambani

Asubuhi ile mke wangu alikamua ng'ombe kama siku zote. Mimi nilikuwa kwenye kigoda karibu na moto, maana Julai huku Mamba, upande huu wa Kilimanjaro, ni baridi, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Akaingia na ndoo, akaiweka chini, akasema maziwa ni haba, ng'ombe anataka nyasi. Nikasema nitakwenda kukata. Akasema ulisema hivyo jana. Kweli nilisema.

Tulikula kiburu cha jana, ndizi na maharage, alikipasha moto. Yeye hakupenda kula amekaa. Alikula amesimama mlangoni, bakuli mkononi, anaangalia nje kama mtu anayesubiri gari. Redio ilikuwa inataja bei ya kahawa. Akaniambia nipunguze sauti. Nikapunguza. Akaniambia nimepunguza mno, hasikii. Ndivyo tulivyoishi.

Halafu akachukua ufagio akaenda kufagia ngazi za shimo. Wageni walikuwa wanakuja. Nilimsikia anafagia, njiti juu ya udongo, huku anaimba wimbo nusu nusu. Nami nikajifunika blanketi nikasinzia kidogo.

Jioni aliniambia mkono wake wa kushoto umekuwa kama si wake. Tukampeleka hospitali kwa gari la jirani. Alikaa huko siku chache, akafa. Binti yetu Ruth alikuwa amefika kutoka Dodoma, akamshika. Mimi nilikuwa nimetoka nje kutafuta maji ya kunywa.

Jina lake Mektrida. Watu walimwita Mama Ruth, na wengine Mama Shimo. Aliitikia yote.

Alizaliwa Kilema, karibu na misheni. Watu wa Kilema wana maringo yao. Kanisa lao ni la zamani, na kahawa ya kwanza ya mlima huu ilipandwa na wamisionari kwao, ndivyo sote tunavyoambiwa. Mektrida alikuja kwangu na maringo hayo kama wanawake wengine wanavyokuja na masufuria. Siku ya kwanza mdogo wangu Filemon alipomkaribisha kahawa, alionja, akasema, "Kumbe mmeitunza vizuri kahawa yetu." Filemon hakujua acheke au anune.

Yeye Mkatoliki, mimi Mlutheri. Siku zile lilikuwa jambo kubwa. Baba yake hakuja arusini. Alituma mbuzi. Nilifurahi kumwona yule mbuzi, maana hata mbuzi ni neno, ni afadhali kuliko kimya. Mektrida akaja kanisani kwetu Jumapili zote, akajifunza nyimbo zetu, na rozari ikakaa mfukoni mwa gauni. Mchungaji aliijua. Aliangalia pembeni.

Mimi sikusoma. Nilikuwa mtu wa jembe na ng'ombe. Maneno ya nyumba aliyasema yeye, yake na yangu.

Sasa nieleze habari ya shimo, maana bila shimo hujamjua.

Lilifunguka mwaka wa mvua za El Nino. Ng'ombe alikuwa amefungwa nyuma ya zizi, na mguu wake wa nyuma ukazama mpaka kwenye paja. Tukamvuta watu watano. Alipotoka, tukaona chini ya pale hapana udongo. Giza tu. Filemon akaleta mti mrefu, akauingiza, haukugusa kitu. Akasema tulijaze mawe haraka kabla halijameza mtoto. Nami niliona hivyo hivyo. Mtu yeyote angeona hivyo.

Mektrida akalala kifudifudi kwenye matope, akaweka uso kwenye tundu. Akakaa hivyo. Nikadhani amezimia. Akainua kichwa akasema, "Panapumua."

Akataka kamba na tochi. Filemon akasema si kazi ya mwanamke kuingia chini ya ardhi ya ukoo, aingie mwanamume. Tukaanza kubishana ni mwanamume gani. Mimi nilisema Filemon, yeye akasema mkubwa ni mimi. Tulipogeuka, Mektrida alikuwa hayupo juu. Tukasikia sauti kutoka chini, sauti ya mtu anayesema akiwa ndani ya pipa, kwamba kuna mafiga matatu, na majivu bado yapo.

Baadaye tulishuka wote. Ni pango lililochimbwa na mikono ya watu. Kuna njia nyembamba unayoipita umekunja mgongo, halafu panafunguka chumba kikubwa, halafu njia tena. Kuna mahali pa kukaa palipokatwa kwenye udongo wenyewe, pamekuwa laini kwa kukaliwa. Kuna mahali ng'ombe walisimama.

Mimi nilizaliwa juu ya pango lile. Bibi yangu mzaa baba alipika juu yake maisha yake yote, akazeeka juu yake, akafa, hakulitaja. Zamani, vita vilipokuwa vya ng'ombe na vya mangi, mtawala wa eneo, na mangi mwenzake, mlango wa pango ulikuwa siri ya nyumba. Humwambii jirani. Humwambii binti anayekwenda kuolewa mbali, maana atalala na watoto wa adui na mdomo una njia. Basi waliojua wakaitunza siri vizuri, mpaka ikawapotea wenyewe. Sisi wenye kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, tukaonyeshwa na ng'ombe.

Mzee mmoja wa Marangu, anayetunza mapango ya upande wao, alikuja akatueleza mengi. Mektrida alikaa miguuni kwake siku nzima. Kuanzia siku ile shimo likawa lake. Alikata ngazi mwenyewe. Mimi nilimsaidia kuweka mbao.

Kwanza walikuja watoto wa shule. Halafu akaja Swaleh. Huyu ni mtu wa Majengo, Moshi mjini, ana gari aina ya Noah, anabeba wageni wanaoshuka mlimani na wale walioshindwa kupanda. Wageni wanataka kahawa, maporomoko ya maji, na kitu kimoja cha kushangaza kabla ya ndege. Swaleh akawa analeta watu kwetu. Alikuwa haingii ndani, anaogopa, anasema udongo juu ya kichwa ni mambo ya siku nyingine. Yeye na Mektrida walikuwa hawamalizi kutaniana.

"Shikamoo mama. Hawa wametoka Kibo jana, miguu imekwisha. Wataweza ngazi zako?"

"Marahaba. Kushuka hashindwi mtu."

"Na kupanda?"

"Kupanda utawabeba wewe. Si ndiyo kazi yako, kubeba watu?"

Swaleh akawa anawatafsiria wageni, sijui aliwatafsiria nini, walicheka.

Mektrida alikuwa na maneno yake ya kuanzia. Alisimama mlangoni, akawaonyesha Kibo, kilele cha theluji, kama kipo wazi, akasema wageni wote wanakuja huku wanaangalia juu, wanapiga picha juu, wanalipa waende juu. Akasema mlima huu una mambo chini pia, na walioyafanya hawakutaka yaonekane. Halafu aliwauliza: mtu akichimba shimo kubwa namna hii, udongo wake uko wapi? Wageni wanaangalia huku na huku wanatafuta kilima. Hapana kilima. Anawaacha watafute. Halafu anawaambia kwamba udongo ulibebwa kwenye vikapu mpaka mtoni, wakaumwaga majini wakati mto umejaa na umeshakuwa mwekundu, ili adui akipita asione lundo akauliza swali lile lile.

Na moshi? Aliwaambia. Watu walipika mle ndani, moshi ukafuata njia yake ndogo ukatokea kwenye ukingo wa mto, katikati ya majani, ukachanganyika na ukungu. Adui anaona ukungu. Na mlango? Mwembamba, unaingiza kichwa kwanza, na aliye ndani amesimama pembeni na rungu. Hapo wageni huwa wanacheka, halafu wanajishika kichwa.

Wengi walikuja wamesoma kwamba adui ni Wamasai. Mektrida alisema Wamasai ndiyo, walikuja, lakini na sisi kwa sisi tulikuwa hatulali. Wa huku na wa Kilema, wa Kilema na wa Kibosho. Hapo ndipo Filemon alipopenda kuingilia kama yuko karibu. Alimwambia mbele ya wageni, "Waambie basi. Babu zako ndio tuliowakimbia humu."

Mektrida akajibu, "Ndiyo maana nikaolewa. Tulikuwa tunatafuta mlango."

Alipenda pia kuwaambia habari za mti. Alisikia redioni kwamba mti mrefu kuliko yote ya Afrika uko kwenye mlima huu huu, bondeni kule Mbokomu, aina yake mkukusu. Jambo hilo lilimkaa. Alisema wanawake wamepita chini ya mti ule na mizigo ya nyasi, na mama zao, na bibi zao, hakuna aliyejua amepita wapi, mpaka watu wakaja kuupima. Mti wenyewe hakuwahi kuuona. Tulisema tutakwenda. Mbokomu si mbali. Tulisema tukishavuna kahawa.

Na Kibo hakufika. Wageni walishangaa kwamba mtu amezaliwa mlimani, amezeekea mlimani, hajafika juu. Aliwaambia nyumba ya jirani huingii hovyo, mpaka uwe na shida. Nusu ya watu wa huku ni hivyo. Mimi pia.

Filemon hakulipenda shimo. Nyumba yake iko mpakani na sisi, na ukuta wake wa jikoni ukafanya ufa. Akasema ni shimo. Mektrida akasema ni fundi. Filemon akasema litajazwa siku moja, akitaka asitake, hii si ardhi ya Kilema. Akaacha kuja kunywa mbege kwetu. Mektrida akaendelea kumpelekea maziwa kwenye kibuyu, akakiweka ukutani. Kibuyu kilirudi kimeoshwa vizuri, bila neno. Walikaa hivyo miaka mingi. Mimi katikati yao sikusema kitu. Nilijua wote wawili ni wagumu, na nilijua Filemon alikuwa akisimama nyuma ya migomba yake anamsikiliza akieleza wageni, kwa sababu nilimwona.

Sasa kifo.

Wake wa ukoo wetu hulala kihambani, upande wa chini wa nyumba, karibu na mama mkwe. Mama yangu yuko pale, baba yuko pale, na mimea ya isale imepandwa kuwazunguka. Nafasi iliyobaki ni ya mke wangu na yangu. Kihamba chetu ni chembamba. Juu ni nyumba na zizi. Chini unapita mfongo, ule mfereji wa mababu, na ardhi yake ni maji. Upande wa pili ni mwamba. Filemon alishawagawia wanawe upande wake, wakajenga, hapana nafasi hata ya kuzika mbuzi.

Vijana walianza kuchimba asubuhi, siku moja kabla ya maziko. Mimi nilikuwa nimekaa na wazee chini ya turubai. Nikasikia sururu zimenyamaza. Halafu mmoja akaja anatembea taratibu, kama mtu asiyetaka kufika. Akasema, "Shikamoo babu. Njoo uone."

Udongo ulikuwa umeshuka chini wenyewe. Palikuwa na tundu la ukubwa wa sinia, na hewa baridi ilikuwa inatoka. Wakateremsha tochi kwa kamba. Ni chumba kikubwa cha pango. Kilikuwa kimefika mpaka pale, kando ya mama yangu, tusijue.

Wazee wakakaa. Walisema maneno mengi, lakini njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, lori zilete mawe na kifusi, pango lijazwe lote, maana ukijaza chumba kimoja paa litaendelea kushuka, halafu kaburi lichimbwe juu ya ardhi ngumu. Atalala nyumbani. Ya pili, shimo liachwe, tundu lizibwe kwa mbao na udongo, na yeye aende makaburi ya usharika.

Makaburi ya usharika yako kule juu kanisani. Waliozikwa pale ni wamisionari wa zamani, mwalimu mmoja aliyetoka Songea, na watu ambao hawakuwa na kihamba. Kwetu mtu mwenye nyumba hazikwi pale. Watu wakipita watauliza, huyu alifanya nini.

Wazee karibu wote walisema lijazwe. Ruth alilia. Alisema, baba, mama atalala na watu asiowajua. Halafu akasema niamue mimi, yeye atakubali. Nikasema nipeni mpaka asubuhi.

Filemon alikuja kumekucha, kabla watu hawajajaa. Alikuja na jani la isale, amelishika kwa mikono miwili. Mgeni wa huku pengine hajui. Kwetu mtu akikuletea isale amekuja kuomba radhi, na hulikatai. Watu wamesamehe damu kwa jani lile. Ukilikataa wewe ndiye mwenye kosa.

Alisema amekuwa mgumu kwa mke wangu kwa sababu ya shimo. Alisema hakumwomba radhi akiwa hai, na sasa anamwomba kupitia kwangu. Machozi yalikuwa yanamwingia mdomoni. Sijamwona hivyo tangu tumzike mama. Halafu akaomba jambo moja, kwa jani lile lile: tusimpeleke kanisani. Ameshaongea na mwenye lori. Mawe yapo mtoni. Vijana wapo. Mpaka mchana litakuwa limejaa, na mke wa nyumba yetu atalala na mama yetu.

Nilitaka. Nilitaka awe pale, nikitoka asubuhi nimwone. Nilikuwa nimeshaliwaza jambo hilo, kwamba kigoda changu nitakihamishia upande ule, nikae. Nilijua nikisema hapana nitabaki na nani. Ruth anarudi Dodoma. Filemon ndiye ndugu yangu aliyebaki.

Nikalipokea jani.

"Kaka," Filemon akasema, "niite lori?"

"Radhi umepata. Naye angekupa. Shimo silijazi."

Aliniangalia kama hakusikia.

"Jani halipokelewi nusu," akasema.

"Basi."

"Utamlaza na wasio na kwao? Kwa ajili ya tundu la kuonyesha Wazungu?"

Akanyoosha mkono akalichukua jani kutoka mkononi mwangu. Jambo hilo sijaliona kwa mtu mwingine, wala sijalisikia. Isale haichukuliwi tena. Akaenda nalo.

Tulimzika kanisani. Watu wa Kilema walikuja wengi, wakasimama wamejikusanya, na shangazi yake akaweka rozari mkononi mwa marehemu mbele ya mchungaji, wala hakuificha. Mchungaji aliangalia pembeni, kama alivyofanya siku zote. Filemon alikuja. Alisimama karibu na lango. Alitupa udongo wake, akaondoka bila kunipa mkono.

Ruth alikaa mpaka matanga yakaisha, akarudi kazini. Alinishauri niende naye. Nikamwuliza ng'ombe je. Hakunibishia, ni mtoto wa mama yake, anajua lini kubishana.

Tangu hapo niko peke yangu. Kupanda kanisani ni mwendo mrefu kwa miguu yangu. Nakwenda Jumapili, na siku nyingine nikiweza. Nafika nimechoka, nakaa kwenye ukingo wa kaburi la yule mwalimu wa Songea, kwa sababu lina saruji, la Mektrida bado udongo. Namsalimia na mwalimu. Watu wanaopita kwenda kwaya wananiamkia, wananionea huruma, najua wanasema nini wakifika mbele.

Ng'ombe hapendi mkono wangu. Anazuia maziwa. Nakamua kidogo, nakunywa kidogo, kinachobaki nampa paka. Siku moja niliweka kibuyu ukutani kwa Filemon. Kilikaa pale mpaka maziwa yakaganda, nikakichukua mwenyewe. Namwona asubuhi kupitia migomba, anakohoa, anakwenda zizini kwake. Ananiona. Tunasikiana kila kitu, hata sufuria ikianguka. Hatusemi.

Swaleh alikuja tena, Septemba. Alikuwa amekuja kwenye maziko, basi alijua. Alisimama getini, wageni wamebaki garini.

"Shikamoo mzee. Hawa walitaka kuona. Niwaambie pamefungwa?"

"Walete."

"Nani ataeleza?"

Nikachukua tochi. Nilishuka mbele yao. Nilikuwa sijui niseme nini, maneno yote alikuwa nayo yeye. Nikaangaza mafiga, nikasema, jiko. Nikaangaza kule nyuma, nikasema, ng'ombe. Nikaangaza njia nyembamba, nikasema, mlango. Wageni wakasubiri. Hapakuwa na zaidi. Halafu nikamsikia Swaleh nyuma yetu. Alikuwa ameshuka, kwa mara ya kwanza, ameshika ukuta kwa mikono miwili, jasho linamtoka, na akaanza kuwaambia habari ya udongo na mto. Aliisema vibaya. Alisahau mto mwekundu. Lakini aliisema.

Tulipotoka aliniambia, mzee, mimi sirudi tena humo. Amerudi mara tatu.

Tundu la kando ya kaburi la mama tuliliziba kwa mbao na udongo, na nyasi zimeshaota. Chumba kikubwa kipo salama. Wakati mwingine nashuka peke yangu, nakaa kwenye kile kiti cha udongo, nazima tochi. Siendi kumtafuta. Hayuko huko. Nakaa tu kwa sababu mle hakuna anayeniuliza.

Maana huku juu wananiuliza. Ruth kwa simu, kwa upole. Wazee wa ukoo, si kwa upole. Shangazi yake wa Kilema alituma mtu kuuliza. Kwa nini hukukubali jani. Kwa nini hukumlaza nyumbani, na mawe yalikuwepo, na mikono ilikuwepo. Mimi si mtu wa kueleza. Ningewaeleza wangesema nimeweka neno la mke mbele ya ukoo, na ingekuwa kweli.

Neno lenyewe alilisema Krismasi iliyopita, akiwa bado hai. Watu wa Dar walipokuja nyumbani kula sikukuu, jirani yetu alileta wajukuu zake waone pango. Kulikuwa na binti mmoja, anasoma chuo, hakuwahi kulala kijijini. Walishuka na Mektrida. Mimi nilikuwa nyuma yao nimeshika tochi. Walipofika kwenye chumba kikubwa, binti akasimama. Giza lilimshika. Akauliza taratibu, akimwita bibi, kama mle ndani wamezikwa watu.

Mektrida alikuwa mbele, tayari ameinamia njia ya pili. Hakugeuka. Alisema:

"Hapana, mwanangu. Humu hakuzikwa mtu. Humu waliingia watu waliotaka kutoka. Inama hapo, utagonga kichwa."